Magari ya vita ya kale: nguvu yake ilianzia karakanani na zizini kabla ya kufika uwanjani

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kila mara mjadala wa historia unapogusa Misri ya mafarao, hutokea mchangiaji akasema kwamba gari la vita lililokokotwa na farasi lilikuwa kifaru cha zama zile: lilitimuliwa mbio hadi katikati ya safu za adui, likawaponda askari wa miguu, na vita ikaishia hapo. Picha hiyo imetokana na sinema zaidi kuliko ushahidi. Ninavyoona mimi, gari la vita lilikuwa chombo chepesi mno, ambacho kingevunjika kama kingegonga kitu chochote kigumu; kazi yake kuu ilikuwa kumfikisha mpiga mishale mahali panapofaa na kumwondoa kabla adui hajamfikia; na dola iliyomiliki magari mengi ilikuwa, kabla ya yote, dola yenye maseremala, maghala ya shayiri na watunzaji wa farasi. Nitajikita kwa Wamisri, Wahiti (wa Uturuki ya leo) na Wamitanni (wa kaskazini mwa Syria ya leo), takriban kati ya mwaka 1550 na 1200 KK, kwa kuwa kutoka kwao tumepata magari yenyewe, michoro yake, hesabu zake na hata mwongozo wa kuwafunza farasi.

Yafaa kwanza tuliondoe njiani gari jingine linalochanganywa na hili. Katika makaburi ya kifalme ya Uru, kusini mwa Irak ya leo, Leonard Woolley alichimbua kisanduku cha mapambo ambacho sasa kiko British Museum, chenye umri wa miaka ipatayo 4,500. Upande mmoja wake unaonyesha magari ya vita ya magurudumu manne, magurudumu yenyewe yakiwa ya mbao nzima zisizo na spoki, na wanaoyakokota si farasi bali wanyama wa jamii ya punda. Mwaka 2022 wanasayansi waliochunguza vinasaba vya mifupa kutoka Umm el-Marra nchini Syria walithibitisha kwamba wanyama wa aina hiyo walikuwa chotara, mama akiwa punda wa kufugwa na baba punda mwitu wa Syria. Magari hayo yalikuwa mazito na ya polepole, na kuyageuza kulikuwa kazi. Yalimtukuza mfalme na yaliweza kumfikisha vitani, lakini mtu asiyatazame akadhani ameona gari lililokuja kutawala vita miaka elfu moja baadaye.

Gari jepesi lilihitaji mambo mawili ambayo hayakuwapo Uru, yaani farasi aliyefugwa na gurudumu la spoki. Ushahidi wa kale zaidi wa gurudumu hilo umepatikana katika makaburi ya utamaduni uitwao Sintashta, kusini mwa milima ya Ural nchini Urusi, ya karibu mwaka 2000 KK. Mbao zenyewe zilikwisha kuoza, ila magurudumu yalikuwa yamefukiwa nusu katika mitaro midogo, na udongo ulihifadhi alama za spoki moja moja. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 nao ulionyesha kwamba farasi wafugwao wa leo wametokana na kizazi kilichoanzia katika nyika za eneo la mito Volga na Don, ambacho kilianza kusambaa kwa kasi katika karne zile zile.

Misri ililipokea gari hili kwa kuchelewa. Watawala wenye asili ya Asia waitwao Wahiksosi walishika sehemu ya kaskazini, makao yao yakiwa Avaris, kuanzia takriban mwaka 1650 hadi 1550 KK, na ni katika zama za vita vya kuwafukuza ndipo gari linapoanza kutajwa na kuchorwa na Wamisri wenyewe. Askari mmoja, Ahmose mwana wa Ebana, aliacha maandishi katika kaburi lake huko El-Kab akieleza kwamba alimfuata mfalme kwa miguu wakati mfalme akienda katika gari lake. Sentensi hiyo fupi inatuonyesha jinsi chombo hiki kilivyokuwa adimu mwanzoni: mfalme yumo garini, shujaa wake anatembea.

Sasa tukiangalie chombo chenyewe. Novemba 1922, Howard Carter alipofika katika kaburi la Tutankhamun, alikuta humo magari sita yaliyofunguliwa vipande vipande, manne katika chumba cha mbele na mawili katika chumba cha hazina; ekseli zilikuwa zimekatwa kwa msumeno ili zipite katika ujia mwembamba wa kaburi. Watafiti wameyapima magari hayo, na wengine wameunda nakala wakaziendesha kwa farasi. Uzito wa gari la namna hiyo, bila watu, hukadiriwa kuwa kilo thelathini na kitu. Mwanaume mmoja mwenye afya angeweza kulibeba begani, na hiyo peke yake inatosha kutia shaka hadithi ya kuponda watu.

Ufundi mkubwa uko katika gurudumu. Fundi wa Misri hakuchonga spoki sita akazichomeka katika kitovu. Alichukua fito sita, akakunja kila moja kwa joto mpaka ikapata umbo la herufi V, kisha akaziunganisha ubavu kwa ubavu kwa gundi, hivi kwamba kila spoki iliundwa na nusu mbili zilizotoka katika fito mbili jirani, na pembe za V zilipokutana katikati zikawa sehemu ya kitovu. Viungo vilifungwa kwa ngozi mbichi iliyoloweshwa, ambayo ikikauka hujikaza kuliko kamba yoyote, na ringi ya mbao iliyokunjwa ikavishwa ngozi. Mzigo uliposukuma gurudumu upande mmoja, nguvu hiyo iligawanywa kwa fito jirani badala ya kuishia katika spoki moja. Nimesoma maelezo mengi ya teknolojia za kale, na sijakutana na kitu cha mbao kilichofikiriwa kwa kina kuliko hiki.

Sakafu haikuwa ya ubao. Ilikuwa mikanda ya ngozi iliyosukwa kama kitanda cha kamba, nayo ilipunguza mtikisiko wa ardhi kabla haujafika miguuni mwa mpiga mishale. Ekseli iliwekwa chini ya ukingo wa nyuma wa sakafu hiyo, kwa hiyo sehemu ya uzito wa watu iliegemea mtaimbo, yaani mti mrefu wa mbele unaounganisha gari na farasi, na nira. Na kwa kuwa ilikuwa ndefu, ikiyaacha magurudumu mbali na sakafu kila upande, gari liliweza kukata kona kwa kasi bila kupinduka. Ndani walisimama watu wawili, mmoja ameshika hatamu na mwingine upinde. Upinde nao haukuwa wa fimbo moja: uliundwa kwa tabaka za mbao, pembe na mishipa ya wanyama zilizogandishwa pamoja, ukawa mfupi wa kutosha kutumiwa garini lakini wenye kutupa mshale mbali. Podo za mishale zilifungwa ubavuni mwa gari.

Mtu akiuliza mbao zilitoka wapi, ndipo siasa inapoingia. Misri haina miti ya namna hiyo. Katika jumba la makumbusho ya akiolojia la Florence, Italia, liko gari lililotoka katika kaburi moja la Thebes wakati wa msafara wa wataalamu wa Ufaransa na Toscana wa 1828 na 1829. Kati ya vitu vilivyotumika kulitengeneza ni gome la mti wa bachi, mti wa nchi za baridi na milima ya kaskazini. Kwa hiyo farao aliyetaka magari alihitaji biashara au ubabe hadi Syria na ng'ambo yake. Gari lilimsaidia kuiteka Syria, na Syria ilimpa mbao, farasi na mafundi wa kutengeneza magari mengine.

Hesabu zilizochongwa katika hekalu la Karnak zinaonyesha ukubwa wa mambo haya. Farao Thutmose III alipopigana Megiddo, mji wa Wakanaani, karibu mwaka 1457 KK, aliupita ujia mwembamba wa milimani ambao maofisa wake walimsihi asiupite, akatokea mahali ambapo adui hakumtarajia. Jeshi la Wakanaani lilikimbia, na badala ya kulifuata hadi ndani ya mji, askari wa Misri walisimama kukusanya ngawira. Kosa hilo liliwagharimu mazingiwa ya miezi saba. Orodha ya ngawira inataja magari 924, farasi 2,041, watoto wa farasi 191, farasi dume 6 na mavazi ya kujikinga ya ngozi 200. Mateka walio hai waliohesabiwa ni 340 tu. Wapo wanaosema wafalme wa kale walitunga namba, na mara nyingi walitunga. Lakini namba za kutungwa hupenda kumalizikia kwa sifuri, na hizi zinafanana na kazi ya karani aliyepita zizi hadi zizi.

Gari lililokamilika lilikuwa bado si kitu bila farasi waliofunzwa, na hapo tuna ushahidi wa ajabu. Katika Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, ambao magofu yake yako Boğazköy nchini Uturuki, vilichimbuliwa vibao vya udongo vinavyoanza kwa kumtaja Kikkuli, mfunza farasi kutoka nchi ya Mitanni. Vibao hivyo, vya karne ya 14 KK, vinatoa ratiba ya siku baada ya siku kwa muda wa karibu miezi saba: farasi waendeshwe masafa gani kwa mwendo wa kawaida na masafa gani kwa mbio, lini wanyimwe maji, lini wafunikwe blanketi watoke jasho, lini waogeshwe mtoni, lini walishwe shayiri na lini majani, na usiku gani watolewe nje wakimbie gizani. Ni maandishi ya mtu wa kazi. Hakuna humo sifa za mfalme. Kuna farasi, chakula chake na uchovu wake. Na mfalme wa Wahiti, adui mkubwa wa Mitanni, aliona ni afadhali amtumie mtaalamu wa huko kuliko kubaki na farasi wasiojua kazi.

Kwa upande wa Misri, huko Pi-Ramesses, makao makuu ya Ramesses II katika delta ya Nile, yamechimbwa mabanda yenye nafasi ya farasi zaidi ya 400, na jirani yake karakana za kuyeyushia shaba na kutengeneza vifaa vya magari. Hata barua za wafalme wa zama hizo, zile zilizopatikana Amarna, nchini Misri, mwaka 1887, zina salamu yenye mpangilio unaojirudia: mfalme humtakia mwenzake heri, yeye na nyumba yake na wake zake, na farasi wake na magari yake. Farasi na magari vimewekwa humo pamoja na familia na nchi.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa uzi wenye kina, lakini naomba nikupinge katika jambo la msingi. Ikiwa gari halikuwa chombo cha kuvunja safu, unaelezaje vita ya Kadesh, kule Syria, kati ya Wamisri na Wahiti? Maandishi ya Wamisri wenyewe yanakiri kwamba magari ya Wahiti yalikivunja kikosi kizima cha Re, na tena gari la Mhiti lilibeba watu watatu, si wawili. Hao watatu walikuwa na mikuki. Sioni jinsi watu wenye mikuki wangepigana kwa kukaa mbali na kurusha mishale.

Mleta mada

Hoja yako ina uzito, na Kadesh ndiyo mahali pazuri pa kuipima. Vita hiyo ya karibu mwaka 1274 KK, katika mwaka wa tano wa Ramesses II, ndiyo vita ya kale inayojulikana kwa undani kuliko nyingine yoyote ya zama zake, kwa kuwa Ramesses aliamuru ichongwe na kuandikwa katika kuta za Abu Simbel, Luxor, Karnak, Abydos na hekalu lake la Ramesseum. Ni mapokeo ya upande mmoja, lakini ni mapokeo yanayokiri aibu, na aibu ndiyo tunayoihitaji.

Ramesses alikwenda na vikosi vinne, vilivyoitwa kwa majina ya miungu, Amun, Re, Ptah na Seth, vikifuatana kwa kuachiana masafa marefu. Mabedui wawili waliotumwa na Wahiti walimdanganya kwamba mfalme Muwatalli II bado yuko mbali, upande wa Aleppo. Aliamini, akatangulia na kikosi cha Amun, akapiga kambi kaskazini magharibi mwa Kadesh, wakati jeshi zima la Muwatalli limejificha nyuma ya mji. Kikosi cha Re kilipokuwa kikivuka uwanda kikiwa katika mstari wa safari, si katika mpangilio wa vita, magari ya Wahiti yalivuka mto Orontes na kukivamia ubavuni.

Kikosi cha Re hakikuwa safu iliyosimama. Kilikuwa msururu wa watu wanaotembea na mizigo. Farasi hakubali kujitosa katika ukuta wa ngao na mikuki, lakini huwapita watu waliotawanyika bila tabu, na watu waliotawanyika wakiona mamia ya farasi wanawajia hukimbia kabla hawajaguswa. Kwa maneno mengine, gari lilivuna palipokwisha kuvunjika, au palipokuwa bado hapajaungana. Ni kweli kwamba michoro ya Wamisri inaonyesha watu watatu katika gari la Wahiti, dereva, mbeba ngao na mpiganaji, na baadhi yao wana mikuki. Nakubali kwamba gari lao lilikuwa zito kidogo na lilisogea karibu zaidi kuliko la Misri. Sikubali kwamba lilikuwa la kugonga.

Tena tazama kilichofuata. Magari hayo yalifika kambi ya Ramesses, na wapiganaji wakaanza kuipora. Gari lililosimama limepoteza kinga yake yote. Ramesses, akiwa na dereva wake Menna na magari machache aliyoweza kuyakusanya, aliyashambulia, na msaada ukafika kutoka upande wa pwani, kikosi kiitwacho Nearin, ambacho Wahiti hawakukitarajia. Wahiti walisukumwa hadi mtoni. Mchongaji mmoja wa Ramesseum hakuweza kujizuia: amemwonyesha mtawala wa Aleppo akiwa ameinuliwa miguu juu kichwa chini na askari wake ili atapike maji aliyoyanywa.

Maandishi yanasema Wahiti waliingia kwa magari 2,500, kisha wakaongeza 1,000. Hata tukizikata namba hizo nusu, tunazungumzia maelfu ya farasi waliolishwa na kunyweshwa mbali na kwao. Muwatalli alikuwa na askari wa miguu wengi ng'ambo ya mto ambao hakuwaingiza vitani, na Kadesh ilibaki mikononi mwake. Miaka kama kumi na mitano baadaye, karibu mwaka 1259 KK, Ramesses na Hattusili III, aliyekuwa sasa mfalme wa Wahiti, walifunga mkataba wa amani, ambao nakala yake imetundikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa huko New York. Dola mbili zenye magari mengi kuliko zote zilikuwa zimegundua kwamba hakuna inayoweza kumng'oa mwenzake.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuongezea juu ya gharama, kwa kuwa makarani wa Misri walilifanyia mzaha jambo hili. Katika maandishi yaliyotumiwa kuwafundisha wanafunzi wa ukarani, ambayo lengo lake ni kumshawishi kijana asiende jeshini, anaelezwa askari wa magari anayetumia mali aliyoachiwa na babu yake kununua gari: mtaimbo kwa deben tatu (deben ni kipimo cha uzito kilichotumika kupangia bei), gari lenyewe kwa deben tano. Kisha anakwenda kujionyesha, na mambo yanamharibikia.

Kuna pia barua ya dhihaka ya karani aitwaye Hori, iliyohifadhiwa katika mafunjo, anayomwandikia mwenzake aliyejidai kuijua Syria. Anamwelezea njia ya korongo yenye mawe, farasi wanakurupuka, gari linavunjika njiani. Anapofika Yafa inabidi apelekwe kwa mafundi, wa mbao na wa ngozi, ndipo gari litengenezwe na aweze kuendelea. Anayesoma barua hiyo anaelewa mara moja hoja ya mleta mada: gari lilihitaji karakana kila lilipokwenda.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nina swali kutoka katika Biblia. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 4, kinasema Sisera alikuwa na magari 900 ya chuma. Kama gari la Misri lilikuwa na uzito wa kilo thelathini na kitu, gari la chuma lilikokotwaje?

Mleta mada

Gari lililoundwa kwa chuma kitupu lisingekokotwa na farasi wawili hadi popote. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sehemu fulani zilivishwa au kuimarishwa kwa chuma, na kwa watu wa milimani wasio na magari kabisa, chuma hicho ndicho kilichobaki akilini. Lakini hadithi ya Sisera ina jambo la thamani kubwa kwa mada yetu. Waamuzi 1:19 inasema watu wa Yuda waliwafukuza wenyeji wa milimani, lakini hawakuweza kuwafukuza wa bondeni kwa sababu walikuwa na magari ya chuma. Kisha katika sura ya 4 na ya 5, mto Kishoni unafurika, na Sisera anashuka garini anakimbia kwa miguu yake. Mwandishi aliyejua nchi ile alijua kwamba gari ni mfalme wa uwanda mkavu na mateka wa matope.

Soma pia 1 Wafalme 10:29, ambapo gari kutoka Misri lilipatikana kwa shekeli 600 za fedha na farasi kwa 150. Gari moja lilikuwa na bei ya farasi wanne, na lilihitaji angalau wawili ili litembee.

Mchangiaji wa nne

Ndugu zangu, mbona Afrika inaishia Misri katika uzi huu? Je, magari haya hayakushuka kusini? Na kama hayakushuka, ni kwa nini?

Mleta mada

Yalishuka, na umefanya vyema kuuliza. Wafalme wa Kushi, katika Sudan ya leo, waliwapenda farasi kwa namna ambayo haina mfano. Piye alipoiteka Misri katika karne ya 8 KK, aliacha jiwe la ushindi huko Jebel Barkal, na sehemu inayokumbukwa zaidi katika maandishi yake ni pale alipoingia mazizi ya Nimlot, mtawala wa Hermopolis aliyekuwa amezingirwa, akakuta farasi wamedhoofu kwa njaa. Akamwambia kwamba jambo hilo linamuuma kuliko makosa yake mengine yote. Huko El-Kurru, karibu na piramidi za nasaba hiyo, wamechimbuliwa farasi 24 waliozikwa wakiwa wamesimama na mapambo yao. Na Waashuru, waliokuja kuwa adui wa Kushi, waliwathamini farasi wa Kushi kwa ajili ya magari yao, nao wanatajwa katika kumbukumbu zao za kiserikali.

Upande wa magharibi, Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, ameandika juu ya Wagaramante wa eneo la Fezzan, kusini mwa Libya ya leo, kwamba waliendesha magari ya farasi wanne. Michoro ya miambani ya Fezzan na ya Tassili n'Ajjer nchini Algeria inaonyesha magari mepesi, farasi wakiwa wamenyoosha miguu hewani kana kwamba wanaruka. Wengine wamechora ramani za "barabara za magari" kuvuka Sahara kwa kuunganisha michoro hiyo. Naona wamekwenda mbali kuliko ushahidi, kwa sababu mchoro unaonyesha kwamba mchoraji alilijua gari, hauonyeshi kwamba gari lilipita hapo na mizigo.

Kusini zaidi, farasi alikutana na mbung'o. Ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mdudu huyo huua farasi upesi, na sehemu kubwa ya misitu na mapori ya Afrika ya kitropiki ni makazi yake. Dola haikuweza kujenga jeshi juu ya mnyama asiyemaliza msimu akiwa hai. Sihitaji sababu nyingine hapo, ingawa zipo.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekuelewa kuhusu Kadesh, ingawa bado nashikilia kwamba mikuki ya Wahiti ina maana zaidi kuliko unavyoipa. Sasa tueleze: ikiwa chombo kilikuwa bora hivyo, kilitowekaje?

Mleta mada

Wengi husema kiliangushwa na misukosuko ya karibu mwaka 1200 KK, dola ya Wahiti ilipoporomoka na miji mingi ya pwani ya mashariki ya Mediterania ikateketezwa. Bila shaka dola zilizoanguka ziliangusha mazizi yake pia. Lakini gari halikufa hapo. Mwaka 853 KK, katika vita ya Qarqar nchini Syria, Shalmaneser III wa Ashuru alikutana na muungano ambao, kwa maandishi yake mwenyewe, ulikuwa na magari 1,200 ya Hadadezer wa Dameski na 2,000 ya Ahabu wa Israeli. Namba ya Ahabu inatiliwa shaka na wengi, nami miongoni mwao. Katika orodha ile ile, hata hivyo, kuna jambo linalopita namba: Hadadezer anatajwa pia kuwa na wapanda farasi 1,200, na Gindibu Mwarabu ngamia 1,000.

Michongo ya Waashuru ya karne hiyo ya 9 KK inawaonyesha wapanda farasi wakienda wawili wawili. Mmoja ana upinde. Mwenzake ameshika hatamu za farasi wote wawili. Ni dereva na mpiga mishale wale wale wa garini, farasi wale wale wawili, ila gari limeondolewa kati yao. Vizazi viwili vitatu baadaye kila mpanda farasi anaonekana akijiongoza mwenyewe na kupiga mishale. Hapo karakana ya magurudumu ilianza kukosa kazi, kwa maana farasi mmoja na mtu mmoja walifanya yale yaliyohitaji farasi wawili, watu wawili, seremala, fundi wa ngozi na uwanda usio na mawe. Waashuru waliobaki na magari waliyafanya makubwa zaidi, yenye magurudumu marefu na watu wanne, na hayo labda ndiyo yanayokaribia kile kifaru tunachokisikia. Lakini yalikuwa machache, na yalimbeba mfalme zaidi ya kushinda vita.

Kwingine hali ilikuwa hiyo hiyo kwa tarehe tofauti. China, ambako magari yanapatikana katika makaburi ya Anyang tangu karibu mwaka 1200 KK, ilifika mahali dola ikapimwa kwa idadi ya magari yake. Kisha mwaka 307 KK mfalme Wuling wa Zhao akawaamuru watu wake wavae suruali kama wahamaji wa kaskazini na wajifunze kupiga mishale wakiwa juu ya farasi. Dario III wa Uajemi alikwenda kupigana na Aleksanda Mkuu huko Gaugamela mwaka 331 KK na magari 200 yenye visu, akasawazisha ardhi kwa ajili yake, na askari wa Aleksanda wakayafungulia njia yapite kisha wakayashughulikia nyuma. Hilo ndilo jaribio maarufu kuliko yote la kulifanya gari liwe chombo cha kugonga, na liliisha vibaya. Waingereza wa kale walikuwa bado wakiyatumia Julius Caesar alipovuka mwaka 55 na 54 KK, lakini kwa kurusha mikuki, kushuka kupigana kwa miguu, na kupanda tena kuondoka.

Mashindano ya Roma na Konstantinopoli nimeyaacha makusudi, kwa kuwa hayo ni habari ya mchezo na siasa za mjini, yanastahili uzi wake.

Mchangiaji wa tano

Anayetaka kuyaona kwa macho aende wapi?

Mleta mada

Giza, karibu na Kairo. Magari ya Tutankhamun yamehamishiwa Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, jirani na piramidi, ambalo lilifunguliwa rasmi Novemba 2025. Ukifika usitumie muda wako wote kwenye yale yaliyofunikwa dhahabu. Tafuta lile jepesi lisilo na mapambo mengi, kisha uinamie gurudumu ukaangalie jinsi spoki zinavyoingia katika kitovu. Anayeishi Ulaya ataona la Florence kwa gharama ndogo zaidi. Na anayekwenda Luxor apite Ramesseum asubuhi, wakati jua linapiga michongo kwa pembeni, akamtafute mtawala wa Aleppo aliyeinuliwa miguu juu.